Baraza ya Mwezi: Wingu la Kwenye Kioo



Mwezi uliopita tuliletewa barua na mzazi mmoja wa Tanga, na kwa kuwa swali lake si la peke yake, tumeona yafaa tulijibu hapa barazani mbele ya wote. Asema kwamba mwanawe, kijana wa miaka 17, alinunuliwa kompyuta kwa ajili ya masomo, na ndani ya kompyuta ile ameweka mchezo wa kurusha ndege. Hilo mzee hakulikataa, kwani kijana ana nia ya kuwa rubani, na mitihani yake ya fizikia na hesabu aifanya vizuri. Lakini sasa kijana ataka fedha nyingine, na fedha hizi si za ndege wala si za viwanja vya ndege: ni za mawingu. "Nimezoea kuombwa fedha za viatu," aandika mzee, "na za karo, na za vocha ya simu. Za mawingu sijapata kuombwa. Je, ndugu mwandishi, huu ni wazimu au ni elimu?"

Nisingependa kumjibu mzee huyu kwa kubahatisha. Basi siku moja baada ya sala ya Alasiri nilikwenda nyumbani kwa ndugu yangu, ambaye kijana wake naye ana maradhi hayo hayo, na mwakani, inshallah, ataingia chuo cha urubani. Alinipokea kwa adabu, akanivutia kiti, akasema, "Ami, leo utaruka nami kutoka Tanga mpaka Moshi." Nikaketi.

Nakiri kwamba nilistaajabu. Tuliondoka kiwanja cha Tanga tukaiacha bahari nyuma yetu, tukaifuata njia ya reli kupitia Korogwe kuelekea Mombo, na milima ya Usambara ikasimama mkono wa kuume kama ninavyoikumbuka tangu nilipokuwa nikipita kule kwa basi. Na mawingu! Upande wa jua yalikuwa meupe yenye ukingo wa kung'aa, na chini yalikuwa ya kijivu na bapa kana kwamba yamekatwa kwa kisu. Kivuli chake kilitambaa juu ya mashamba ya mkonge. Nilisahau kwamba nimeketi chumbani na nyuma yangu shemeji anakaanga sambusa.

Kisha kijana akaingia wingu. Kioo chote kikawa cheupe. Alicheka, akageuza ndege kidogo mkono wa kuume, na baada ya muda si mrefu kioo kikawa cheusi: tumeupiga mlima. Kijana akacheka tena, akabonyeza kitufe, na mara tumo Tanga kwenye njia ya kurukia, ndege nzima, sisi wazima, jua lile lile.

Kicheko kile ndicho kilichonifanya niandike ukurasa huu. Lakini kwanza tumpe kijana wa Tanga haki yake, maana elimu iliyomo katika mawingu yale si ndogo, na mzazi asiyeijua atamdhulumu mwanawe kwa kumwambia kwamba anacheza tu.

Mchezo huu una umri kuliko wengi wa wanaoucheza. Mwaka 1975 kijana mmoja wa Kimarekani, Bruce Artwick, aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Illinois juu ya namna ya kuichora safari ya ndege kwa kompyuta, na kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mchezo uliouzwa takriban mwaka 1980, kisha mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikautoa kwa jina lake. Mbingu ya wakati ule ilikuwa rangi moja, na ardhi mistari. Waliocheza zama zile hawakulalamika. Waliona ajabu kwamba upeo wa macho unainama pale ndege inapoinama.

Mawingu yenye umbo yalikuja baadaye. Katika toleo lililouzwa mwaka 2003 wingu lilijengwa kwa vipande vingi vya picha, kila kimoja kama pamba iliyochorwa juu ya karatasi ya kuonya, vikapangwa kwa wingi hata jicho likadhani laona kitu kimoja. Hila yake ilikuwa hii: kila kipande kilitakiwa kimwelekee mtazamaji daima. Kutoka mbali ilikuwa nzuri sana. Ukilikaribia wingu ukaligeukia upande, uliweza kuviona vipande vikizunguka kukufuata, kama alizeti zinavyolifuata jua, na hapo uongo ulifichuka.

Leo mambo ni mengine. Katika toleo la tarehe 18 Agosti 2020, lililotengenezwa na mafundi wa Asobo wa mji wa Bordeaux huko Ufaransa, na katika mchezo mwingine uitwao X-Plane uliotoa toleo lake la 12 mwaka 2022, wingu halichorwi kwa karatasi. Kompyuta hutoa mstari kutoka jichoni mwako kupitia kila nukta ya kioo, na mstari ule huingia winguni na kutembea hatua kwa hatua, kama mtu apitaye katika ukungu wa alfajiri akinyoosha mkono mbele. Kila hatua yauliza maswali mawili: hapa pana maji kiasi gani? Na nuru ya jua iliyofika hapa, baada ya kupita katika maji mengine yote yaliyo juu yake, imebaki kiasi gani? Majibu hukusanywa, na ndipo nukta moja hupata rangi yake. Kisha nukta ya pili, kisha ya tatu, mpaka kioo kijae, na yote hayo hutakiwa yafanywe mara 30 au zaidi kwa sekunde moja. Hakuna kompyuta ya nyumbani iwezayo kuifanya hesabu hiyo kwa ukamilifu, kwa hiyo mafundi hupunguza hatua, hulichora wingu kwa ukubwa mdogo kisha hulitanua, na huparaza kingo. Zile chembe chembe ambazo vijana huzilalamikia ukingoni mwa wingu asili yake ni huko kupunguza.

Na wingu lenyewe si kitu chepesi cha kuigwa. Vitone vyake ni vidogo hata unene wa kimoja ni kama sehemu ya hamsini ya milimita, na katika mita moja ya ujazo ya wingu la kawaida la hali njema mna kama nusu gramu tu ya maji. Walakini chukua wingu lenye kilomita moja kila upande, upige hesabu: ni kiasi cha tani 500 za maji zimeelea juu ya kichwa chako. Kila kitone huipinda nuru, huirudisha, huipokeza kwa jirani yake. Weupe wa kilele hutoka humo. Tumbo huwa la kijivu kwa kuwa nuru nyingi imekwisha kurudishwa juu kabla ya kufika chini, na ukingo hung'aa jua likiwa nyuma kwa sababu vitone hupenda zaidi kuisukuma nuru mbele kuliko kuitupa pembeni.

Hapa sitaweza kupita bila kumtaja Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni wa Uajemi aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 14. Yeye alitaka kujua nuru hufanya nini ndani ya tone la mvua hata ukaonekana upinde, na kwa kuwa tone ni dogo halishikiki, alichukua tufe la kioo akalijaza maji, akaliweka katika chumba cha giza, akaipitisha nuru ndani yake. Tone kubwa la kuigiza! Kwa njia hiyo aliweza kueleza kwamba nuru hupindwa inapoingia, hurudishwa ndani, na hupindwa tena inapotoka. Kijana anayeketi mbele ya kioo chake leo akitazama nuru ya kuigiza ndani ya tone la kuigiza hana haja ya kudhani kwamba jambo hili limeanzia Ulaya juzi.

Basi je, wingu lile ni la kweli? Swali hili lina milango miwili, na vijana wengi hugonga mmoja tu. Wao huuliza: lafanana? Swali la pili ndilo linalomhusu rubani: lipo mahali pake?

Viwanja vikubwa vya ndege, kama vile Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi, hutoa taarifa fupi ya hali ya hewa kila saa au kila nusu saa, nayo huandikwa kwa tarakimu na herufi za mkato ambazo marubani wa dunia nzima huzisoma. Humo mna upepo, umbali wa kuona, joto, kiwango cha umande, kanieneo ya hewa, na mawingu. Mbingu hugawanywa sehemu nane: moja au mbili zikifunikwa ni mawingu machache, tatu hadi nne yametawanyika, tano hadi saba yameikatika, nane ni kufunikwa kote. Hutajwa na kimo cha chini ya wingu kutoka kiwanjani. Sasa angalia kisichotajwa. Kimo cha juu cha wingu hakimo. Aina ya wingu haimo, isipokuwa lile la radi na lile linalopanda kwa nguvu. Na taarifa yenyewe ni ya kiwanja na ujirani wake, si ya safari. Programu inayosoma taarifa ya Mombasa na ile ya Kilimanjaro, kisha ikakuchorea mbingu nzima iliyo kati yake, lazima ibuni mengi: wingu la Voi ni la kubuni, na kilele cha wingu la Mombasa ni cha kubuni pia.

Kwa sababu hiyo watu wa toleo la 2020 walishika njia nyingine. Walichukua utabiri wa kampuni ya Meteoblue ya mji wa Basel huko Uswisi, ambayo huigawa hewa ya dunia katika visanduku vipatavyo milioni 250, kila kisanduku na joto lake, unyevu wake na upepo wake. Hapo mbingu ya Voi hupata habari zake yenyewe. Lakini utabiri ni utabiri. Wachezaji walichungulia dirishani wakaona mvua ilhali katika kioo kuna jua, wakapiga kelele. Mafundi wakachanganya utabiri na taarifa za viwanja, na mchanganyiko ule nao ukazaa lawama mpya, kwani ndege ilipokaribia kiwanja mbingu iliweza kubadilika ghafla kama pazia la ukumbi. Mimi siwalaumu. Kupatanisha aliyeona na aliyetabiri ni kazi ngumu, hata katika mabaraza ya wazee.

Yote haya, ndugu mzazi, ni elimu tupu, na mwanao akiyajua amekwisha kupata faida. Mimi na wewe sasa turudi kwenye kile kicheko.

Katika wingu la kweli hatari ya kwanza haitoki kwenye mlima, yatoka sikioni. Ndani ya sikio la mwanadamu mna mifereji midogo yenye maji, na kwa hiyo twajua kama tumegeuka au tumesimama sawa. Lakini mifereji ile huhisi mwanzo wa kugeuka tu. Ndege ikiendelea kugeuka pole pole kwa muda wa sekunde 20 hivi, maji yale hutulia, na mwili humwambia rubani kwa yakini kabisa: tumenyooka. Akiwa nje ya wingu, jicho humkanusha sikio, maana laona upeo. Ndani ya wingu jicho halina shahidi. Rubani asiyefunzwa kuamini saa zilizo mbele yake huamini mwili wake, huvuta usukani kumbe ndege imelala ubavu, na ndege hushuka kwa mzunguko ambao kila avutapo huuzidisha.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu kile kile cha Illinois ambacho Artwick alikuja kusoma baadaye, walichukuliwa watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa saa, wakarushwa katika ndege ya kweli wakiwa wamezuiliwa kuona nje kana kwamba wameingia winguni, na mwalimu akiwa pembeni. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Walidumu kwa wastani sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Twapaswa kuongeza kwamba waalimu wale hawakuishia hapo. Waliwafundisha watu wale wale namna rahisi ya kugeuza nyuma na kutoka winguni, na baada ya mafunzo walifaulu takriban wote.

Sasa mweke kijana wetu mbele ya kioo. Kiti hakitikisiki, sikio limetulia, hakuna kinachomdanganya. Akiingia wingu la kuigiza hutazama saa zake kwa utulivu na huenda akapita salama, na hapo hujifunza somo baya kuliko lile la kuupiga mlima: hujifunza kwamba wingu ni jepesi. Na kadiri wingu la kioo linavyokuwa zuri ndivyo somo hili baya linavyoingia kwa utamu.

Ajabu ni kwamba mtambo wa kwanza uliookoa marubani wengi haukuwa na wingu hata moja. Mmarekani Edwin Link wa mji wa Binghamton, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda vikubwa, alichukua mifuko ile ya hewa itumikayo katika vinanda akatengeneza kindege kidogo kisichoruka, kinachoinama na kugeuka kwa nguvu ya hewa. Ilikuwa mwaka 1929. Watu walikiona kitu cha maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, likaingia kazini wakati wa baridi kali na ukungu, na marubani zaidi ya kumi wakafa katika majuma machache. Ndipo maofisa walipomwita Link. Siku ya kukutana hali ya hewa ilikuwa mbaya hata walidhani hatakuja. Akatokea kutoka katika mawingu akatua, kwani alikuwa amejifundisha kuruka kwa saa. Jeshi likanunua mitambo sita, kila mmoja dola 3,500. Mwanafunzi alifungiwa ndani kwa kifuniko, asione kitu. Wingu la Link lilikuwa giza, na saa, na sauti ya mwalimu.

Jibu langu kwa mzee wa Tanga, basi, ni kwamba fedha za mawingu asizitoe mwaka huu. Siyo kwa kuwa ni wazimu. Mawingu yaliyomo katika mchezo wenyewe yatosha kwa kazi iliyo mbele ya kijana, na saa anazozipata nyumbani hazitaandikwa katika daftari lake la urubani hata mawingu yawe mazuri namna gani. Fedha hizo zitakuwa na thamani zaidi siku ya kulipia saa moja pamoja na mwalimu. Lakini asimnyang'anye mchezo. Amtake autumie kwa namna nyingine.

Amwambie, mathalan, achukue taarifa ya kiwanja chochote cha pwani, atoe kiwango cha umande katika joto, na kila digrii moja aihesabu futi 400. Joto likiwa 28 na umande 22, tofauti ni 6, na mawingu ya mchana yanayopanda kutoka ardhini yatarajiwe kuanzia karibu futi 2,400. Kisha apande na ndege yake ya kioo aone kama wingu limeanza hapo au limewekwa popote. Tena kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga yasema kwamba arukaye kwa macho, chini ya futi 10,000, katika anga nyingi azione kilomita 5 mbele yake, na akae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa juu au chini. Vijana wangu, ni nani kati yenu amewahi kuruka safari moja kwa kanuni hiyo? Mwapenda kupita katikati ya mawingu kwa kuwa yapendeza, na kila mpitapo mmevunja sheria ambayo kesho mtatahiniwa kwayo. Na asiongeze wingu bila kuongeza upepo. Hewa iliyo chini ya mawingu ya mchana nyuma ya pwani yetu haikai kama maji ya birika.

Nilimweleza haya kijana wa ndugu yangu wakati sambusa zimekwisha kuletwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ami, na hiki kitufe cha kuanza tena?" Tulikubaliana naye jambo moja, naye alitoa ahadi mbele ya mama yake: akianguka, kompyuta huzimwa mpaka siku ya pili.

Juzi nilipita tena. Alikuwa ameweka mawingu futi 1,500 na mvua juu ya Usambara. Alipofika karibu na Mombo, mabonde yalikuwa yamefungwa, na mbele palikuwa na nafasi ndogo ya mwanga ambayo mimi, nisiyejua kitu, niliona yapitika. Akaitazama. Akageuza ndege pole pole, macho kwenye saa, akarudi Tanga, na safari yote ilichukua muda mwingi bila kufika popote. Mama yake aliuliza mbona leo amechelewa kuja kula, akajibu, "Moshi kumefungwa."

Dada wa Lamu aliyeuliza habari za mashine za kushonea zinazotumia nguvu ya jua, barua yake imefika, nasi tutaijibu mwezi ujao, inshallah.